Mwendokasi wa Kimara kwa abiria mwenye ulemavu wa akili

Kijana mwenye ulemavu wa akili akitaka kujifunza kusafiri peke yake Dar es Salaam, aanze na mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka. Daladala itafuata baadaye, na wapo ambao haitawafaa kamwe. Tunasema hivyo tukijua fika kwamba mwendokasi huohuo unaweza kumwacha kijana amesimama kwenye kituo asichokijua, machozi yanamtoka, kwa sababu tu basi la leo limeruka kituo ambacho la jana lilisimama. Kwa abiria huyu thamani yote ya mwendokasi iko katika kutobadilika. Siku usipobadilika, hakuna usafiri mjini unaoufikia. Siku unapobadilika, karibu hauna chochote cha kumsaidia.

Tunapima njia ya kwanza, iliyoanza kazi Mei 2016: kilomita 20.9, kutoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Tunaipima kwa abiria wa aina moja, yaani mtu mwenye ulemavu wa akili, Down sindromu au usonji, ambaye miguu yake haina tatizo lakini hasomi au husoma kwa shida, chenji humchanganya, na jambo la ghafla humvuruga. Abiria huyu husahaulika. Watu wakikagua kama usafiri ni rafiki kwa wenye ulemavu, hutazama kama kituo kina njia ya mteremko. Vituo vya mwendokasi vinayo, na ni jambo jema sana kwa mwenye kiti cha magurudumu, ila mteremko haumwambii mtu kwamba basi hili linakwenda Morocco.

Kwanza tueleze kwa nini unafundishika. Kwenye daladala abiria anatakiwa kufanya mambo manne kwa wakati mmoja, tena amebanwa: kutambua mahali alipofika kupitia dirisha lililozibwa na vichwa vya watu, kumsikia konda, kutoa pesa na kukumbuka chenji, kisha kupaza sauti "Shusha!" kabla gari halijapita. Kijana ambaye maneno yake hayatoki haraka hushindwa hapo kwenye "Shusha!" hata kama mengine yote anayaweza. Kwenye mwendokasi nauli hulipwa kabla ya kupanda, basi husimama kituoni, milango hufunguliwa na dereva, na hakuna wa kupigiwa kelele. Sakafu ya basi na ya jukwaa ziko usawa mmoja, kwa hiyo anayeogopa ngazi hana cha kuogopa. Na kwa sababu basi lina barabara yake, muda wa safari haupishani sana kati ya siku na siku. Kwa mtu mwenye usonji, kujua kwamba safari itakwisha muda uleule wa jana ni nusu ya utulivu wake.

Daladala nayo ina sifa moja ambayo mwendokasi hauna: konda. Konda anayemfahamu kijana, anayemwambia "kaa hapa mdogo wangu, nitakushusha mimi", anazidi mashine zote. Tena daladala zina michirizi ya rangi kulingana na njia, ambayo asiyesoma huishika kwa urahisi, wakati mabasi ya mwendokasi yanafanana. Shida ni kwamba konda hubadilika, na gari likikatisha ruti abiria wote huteremshwa njiani na kuambiwa wapande lingine.

Sasa safari yenyewe. Sehemu ya hatari kuliko zote iko nje ya basi, nayo ni kuvuka barabara kwenda kituoni. Vituo vimejengwa katikati ya barabara. Abiria anavuka kwanza njia za magari ya kawaida, halafu kwa baadhi ya vituo njia ya mabasi. Mtoto aliyefundishwa "tazama kulia, kushoto, kulia" atafanya hivyo mara moja tu ukingoni, kisha atatembea moja kwa moja hadi mlangoni akiamini amemaliza. Mfundishe kusimama mara mbili: ukingoni mwa barabara, na tena kabla ya kukanyaga njia ya mabasi. Pale pa pili atazame pande zote mbili na asubiri hata kama haoni basi, kwa sababu bodaboda hujipenyeza kwenye njia hiyo, nyingine zikitokea upande usiotarajiwa. Kama kuna daraja la waenda kwa miguu au taa za kuvukia kituo kinachofuata, tembeeni hadi huko. Mita mia chache za ziada si gharama.

Malipo. Kama kadi inapatikana, chukua kadi. Inamwondolea kijana chenji, na inamwondolea foleni ya dirishani ambako huharakishwa. Ijaze siku ileile kila wiki, usingoje iishe, kwa sababu geti linapomkatalia akiwa na watu nyuma yake ndipo hofu inapoanza. Kama ni tiketi ya karatasi, weka nauli kamili kwenye bahasha moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, na umzoeshe kuiweka tiketi kwenye mfuko mmoja tu wa nguo. Wengi huikunja mkononi hadi inalowa jasho, na wapo wanaoitia mdomoni, halafu mashine haiisomi. Mwaka 2016 nauli ilianza na shilingi 650 kwa njia kuu, 400 kwa njia mlisho (inayoleta abiria kwenye njia kuu), 800 kwa zote mbili na 200 kwa mwanafunzi. Imepanda tangu hapo, kwa hiyo soma bei iliyobandikwa dirishani kabla ya kufunga bahasha. Geti likiwa halifanyi kazi, mhudumu huikagua tiketi kwa mkono. Mfundishe njia zote mbili tangu mwanzo, la sivyo siku mashine imelala atasimama mbele yake akingoja iwake.

Hapohapo kuna jambo linaloumiza familia nyingi. Mwanafunzi wa kitengo cha elimu maalumu shule ya msingi anaweza kuwa na miaka 18 au zaidi, ana ndevu, na amevaa sare ya shule ya msingi. Mkata tiketi anatazama ndevu, hatazami sare, na anamnyima nauli ya mwanafunzi. Omba mwalimu mkuu aandike barua fupi yenye picha na muhuri, ipunguze ukubwa, ipige lamination, ikae na kadi yake ya safari. Usimwache kijana abishane mwenyewe.

Kutambua basi ndiko kunakohitaji akili ya mpangaji kuliko ya abiria. Kutoka Kimara mabasi hugawanyika mara mbili: Magomeni, ambako ya Morocco huacha Barabara ya Morogoro, na Fire, ambako ya Gerezani huachana na ya Kivukoni. Maana yake ni kwamba kijana anayetoka Kimara kwenda Manzese anafikishwa na basi lolote la kawaida, liwe la Morocco, Gerezani au Kivukoni. Basi chagua safari ya kwanza isiyovuka Magomeni. Utakuwa umemwondolea kosa kubwa kuliko yote bila kumfundisha lolote. Akishaizoea safari hiyo ndipo umwongezee ya mbali, na hapo utahitaji picha: piga picha ubao wa mbele wa basi ukiwa umeandikwa jina la mwisho wa safari, ichape kwa ukubwa wa kiganja, naye alinganishe maandishi na maandishi. Hahitaji kusoma "Gerezani". Anahitaji kuona kwamba umbo la neno lililo mkononi ndilo lililo kwenye kioo.

Linalobaki ni mabasi ya ekspresi, yanayopita vituo bila kusimama. Hapa picha haisaidii. Inasaidia sentensi moja, aizoee mpaka itoke yenyewe: "Shikamoo, samahani, hili linasimama Manzese?" Amuulize mhudumu mwenye sare, na asipande kabla ya kusikia jibu. Asiyeongea aonyeshe kadi yenye sentensi hiyohiyo.

Wahudumu wa vituoni nao wasome aya hii. Watu wengi wenye ulemavu wa akili hukubali kila wanachoulizwa, kwa adabu au kwa woga. Ukimuuliza "Unakwenda Kivukoni?" atajibu ndiyo. Ukimuuliza "Unakwenda Kimara?" atajibu ndiyo pia, na utampandisha basi la kumrudisha alikotoka ukiamini umemsaidia. Uliza "Unashuka wapi?" kisha nyamaza. Hesabu kimya kimya hadi kumi, maana jibu linakuja, ila halina haraka. Usimshike mkono kabla hujamwonyesha kwamba unataka kumshika.

Ndani ya basi, mahali pa kukaa si jambo dogo. Kwenye mabasi marefu ya mita 18 kuna kiungo cha katikati ambapo sakafu huzunguka basi linapokata kona na kuta za kitambaa hukunjamana zikitoa mlio. Anayesumbuliwa na kelele au kizunguzungu asikae wala kusimama karibu napo. Mabasi ya mita 12 hayana kiungo hicho, na kwa mafunzo ya mwanzo ndiyo mazuri zaidi. Kiti kizuri ni cha karibu na mlango wa mbele, dereva akionekana. Lakini usimzoeshe kiti kimoja tu, kwa sababu siku kitakapokaliwa na mwingine safari nzima itavunjika. Mzoeshe viti vitatu na sehemu moja ya kusimama yenye nguzo. Mwenye kifafa asisimame mlangoni hata kwa kituo kimoja.

Kwa kelele, vizuia sauti vya mafundi vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo vinatosha, huna haja ya vile vya bei kubwa. Avivae akiwa ameketi, avivue kabla ya kushuka. Kuvuka barabara navyo masikioni ni hatari.

Atajuaje pa kushuka? Wazazi wengi hufundisha kuhesabu vituo, na ndiyo njia inayofeli zaidi: basi likipita kituo kimoja bila kusimama hesabu yote imeharibika, na yeye hana habari. Matangazo ya sauti hayategemeki, na basi likijaa hayasikiki. Alama za nje hudumu zaidi. Chagua tatu, zipige picha ukiwa umekaa upande anaokaa yeye: moja ya mbali, moja ya kituo kimoja kabla, na ya tatu ya kituo chenyewe. Njia hii ina alama nzuri mno. Madaraja ya juu ya Ubungo hakuna anayeyakosa. Bonde la Jangwani liko wazi, nyumba zinakatika ghafla, na baada ya kituo cha Jangwani kinafuata Fire. Kwa picha ya pili afanye tendo moja tu: asimame, aende karibu na mlango, ashike nguzo. Asingoje basi lisimame ndipo ainuke, kwa sababu milango hufungwa kabla hajafika. Akishashuka asogee mbali na ukingo wa jukwaa na angoje basi liondoke kabla ya kuanza kutembea.

Mafunzo yaanze kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuanzia mwisho. Mara za kwanza mpeleke wewe hadi kituo anachoshukia, na sehemu atakayofanya mwenyewe iwe kushuka na kutembea hadi anakokwenda. Akiiweza, mwongezee ile iliyo kabla yake, ya kutambua pa kushuka, na kadhalika mpaka mfike nyumbani. Kwa njia hii kila safari inaisha yeye akiwa amefaulu, wakati anayeanza mwanzo humaliza kila safari akiwa amesaidiwa. Kujiondoa nako kuwe kwa hatua: kaa naye, kaa viti viwili nyuma, panda mlango mwingine, mfuate kwa mbali, mngoje mwisho wa safari. Usihame hatua kabla hajaimaliza iliyopo safari kadhaa mfululizo bila kumgusia neno. Kisha kuna majaribio mawili ambayo hayaruhusiwi kurukwa. La kwanza, mpitishe kituo chake kwa makusudi ukiwa naye uone anafanya nini. La pili, mtu mzima asiyemfahamu, uliyemwandaa, amwite kwa upole waondoke naye. Akikubali kuondoka, bado hajawa tayari, hata kama mengine yote anayafanya vizuri.

Abebe kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, simu janja iachwe nyumbani. Betri ya kitochi hukaa siku kadhaa, kikiibwa hasara ni ndogo, na kitufe kimoja kikibonyezwa kwa muda hupiga namba ya mama. Avae na kadi ndani ya shati, siyo juu ya shati: picha yake, jina moja, kituo anachoshuka, namba mbili za simu, na sentensi "Nashuka Manzese. Tafadhali nionyeshe." Kadi inayoning'inia nje ikitangaza jina kamili na aina ya ulemavu inamsaidia mwenye nia mbaya kuliko mwenye nia njema.

Saa za msongamano, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, ndipo mwendokasi unapopoteza sifa zake zote. Watu husukumana kuingia kabla wengine hawajatoka, na mbinu zote tulizozitaja hapo juu hukwama: haoni ubao wa basi, hafikii mlango, alama za dirishani zimezibwa. Mwenye usonji akiguswa na miili kumi kwa mara moja anaweza kupiga kelele au kurusha mkono. Kuna jambo zito zaidi. Mtu akimwona kijana asiyeeleza vizuri ameshika mkoba usio wake, au anautazama mno, sauti ya "mwizi" huweza kutoka, na jiji linajua sauti hiyo inaishia wapi. Kwa hiyo mkoba wake ukae kifuani na mikono yake miwili ishike mikanda ya mkoba wake mwenyewe, muda wote, hata basi likiwa tupu, mpaka iwe mazoea. Kama shule inaanza mapema na hakuna jinsi, zungumza na mwalimu aruhusiwe kuchelewa saa moja. Uongozi wenye busara hukubali.

Mvua nayo ina sura yake. Mto Msimbazi ukifurika, mabasi hayavuki Jangwani, na huduma kati ya Magomeni na mjini husitishwa. Hili si la kushtukiza, hutokea masika na vuli, kwa hiyo liwekee kanuni: ikinyesha usiku kucha, safari ya leo inasindikizwa au haipo. Na kwa siku ambayo itamkuta njiani, kanuni moja ya kukariri: "Watu wote wakishuka, nashuka. Nasimama karibu na mhudumu. Napiga simu."

Waendeshaji wangeweza kurekebisha mengi kwa gharama ndogo. Metro ya jiji la Mexico, tangu ilipofunguliwa mwaka 1969, ina mchoro wake kwa kila kituo, kwa kuwa wakazi wengi wakati ule hawakujua kusoma. Majina ya vituo vyetu yanaomba michoro: gari la zimamoto kwa Fire, pantoni kwa Kivukoni. Mchoro uleule ukae kituoni, ndani ya basi na kwenye tiketi. Ekspresi ipewe bango la rangi moja inayoonekana kwa mbali, na isitolewe ghafla kutoka basi la kawaida wakati abiria wameshapanga foleni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inagusa walemavu wote, haikuishia kwa wenye magongo na viti.

Mwendokasi haumfikishi mtu mlangoni, na kipande cha mwisho ndicho kinachoamua kama safari inawezekana. Anayekwenda shule ya Sinza Maalum atashuka Shekilango na bado ana safari. Anayekwenda Muhimbili atashuka Fire na bado ana safari. Tafuta bajaji ya mkataba wa mwezi, dereva mmoja, na kabla ya kukubaliana bei kubaliana mambo haya: anamngojea sehemu ipi hasa, anamkabidhi kwa nani kwa jina, na afanye nini asipomkuta mtu wa kumpokea. Jibu sahihi la hilo la mwisho ni kubaki naye na kupiga simu. Kijana akae katikati ya kiti cha nyuma, upande wa barabara uwe na chuma au turubai iliyofungwa, na asifungwe kwa kanga, kwa sababu bajaji ikipinduka hataweza kutoka. Bodaboda tusingeitumia. Mwenye kifafa anaweza kuanguka ikiwa mwendoni, na mwenye Down sindromu anaweza kuwa na kano legevu kati ya pingili mbili za juu za shingo, na mshtuko mkali unaweza kuiumiza shingo. Hata kwenye bajaji, mwambie dereva mwenye abiria wa namna hiyo apite matuta taratibu, na muulize daktari kuhusu shingo hiyo kabla ya kuanza safari za kila siku.